Vali Iliyong'aa: Kisa cha Mtambo wa Majitaka na Mhandisi Aliyeuchora

Katika chumba cha mtambo kulikuwa na vali sita. Tano zilikuwa zimevaa vumbi na kutu ya kawaida, kama kitu kinachoguswa mara mbili kwa mwaka. Usukani wa ile ya sita ulikuwa unang'aa. Rangi nyekundu ilikuwa imebanduka pale vidole vinaposhika, na chuma chenyewe kimelainika kama mpini wa jembe la zamani. Hiyo ya sita ndiyo iliyotakiwa isiguswe kabisa, ila siku ya dharura.

Niliijua vizuri. Niliichora mimi.

Kisa hiki ni cha Nairobi, mwaka 2019, kwenye jengo la nyumba 64 upande wa magharibi wa jiji, bondeni, hatua chache kutoka kijito kinachoingia Mto Nairobi. Jengo sitalitaja, wala kampuni niliyoifanyia kazi, wala mjenzi aliyetuajiri. Wakazi wengi wa wakati ule bado wako mle, na sehemu kubwa ya makosa nitakayoyasimulia ni yangu.

Barabara ile haikuwa na bomba la majitaka la umma. Ni jambo la kawaida jijini: magorofa yanaota haraka kuliko mabomba. Mjenzi wa mahali kama pale lazima asafishe majitaka yake mwenyewe kabla ya kuyaachia. Hesabu yetu ilikuwa nyepesi. Nyumba 64, watu wanne kwa nyumba, lita 120 kwa mtu kwa siku. Jumla yake inazidi kidogo lita 30,000 kila siku, nazo zilitakiwa kuingia mtamboni zikiwa uchafu na kutoka zikiwa maji yasiyoudhuru mto.

Mtambo wa aina hii hauna uchawi. Ni tangi lililojaa bakteria wanaokula uchafu, na kama kiumbe yeyote anayefanya kazi ngumu, wanataka hewa. Hewa inaletwa na mashine ya kupuliza ambayo kila fundi anaiita blowa. Inaunguruma mchana na usiku, inasukuma mapovu chini ya tangi, na tope linazunguka. Ukitaka kujua afya ya mtambo, huhitaji maabara. Chota lita moja kwenye mtungi wa kioo, uweke mezani, subiri nusu saa. Tope lenye afya lina rangi ya kahawia, linashuka taratibu na kuacha maji meupe juu, na harufu yake ni ya udongo uliopigwa na mvua ya kwanza. Lililokosa hewa ni jeusi, halishuki sawasawa, na linanuka yai viza.

Sheria nayo inapima kwa namna yake. Chini ya Kanuni za Ubora wa Maji za 2006, zilizotungwa kutokana na sheria ya mazingira ya 1999, maji yanayoachiwa kwenye mazingira hayakutakiwa kuwa na BOD zaidi ya miligramu 30 kwa lita. BOD ni kiasi cha oksijeni ambacho uchafu ulio majini utakula kwa siku tano. Anayemwaga kwenye bomba la umma aliruhusiwa hadi 500, kwa sababu mbele yake kuna mtambo mkubwa wa jiji unaomsubiri. Sisi mbele yetu hakukuwa na kitu isipokuwa mto.

Turudi 2016, ofisini. Nilikuwa mhandisi mhitimu, bado sijasajiliwa kuwa mhandisi kamili, kwa hiyo mimi nilichora na mkubwa wangu akatia sahihi. Kila mtambo unahitaji jibu la swali moja: blowa ikiharibika, au stima ikipotea siku mbili, majitaka yataenda wapi? Swali hili halina mzaha. Usipolijibu, yatarudi juu kupitia vyoo vya nyumba za chini. Jibu langu la kwanza lilikuwa tangi la akiba la lita 30,000, yaani siku nzima ya majitaka. Yangekaa humo hadi mtambo utengenezwe au lori la kunyonya lije. Lakini pale chini, ukichimba mita mbili hivi unagonga mwamba, na kupasua mwamba ni pesa. Tangi lingebidi likae juu ya ardhi, na lingemeza nafasi mbili za kuegesha magari.

Mjenzi alizitazama zile nafasi mbili kwenye mchoro, akauliza kama hakuna njia nyingine. Ilikuwapo. Bomba la inchi nne kutoka tangi la kwanza hadi chemba ya mwisho, likiruka mtambo wote, na vali moja katikati. Tukaiita baipasi, neno lile lile la barabara za magari, nalo lilisikika la kistaarabu vilevile. Kwenye mchoro ilikuwa mstari wa nukta wenye urefu wa sentimita nne. Pembeni niliandika "kwa dharura pekee". Leo nikiyasoma maneno hayo nayaona kama kibandiko cha "usiguse" juu ya mtungi wa asali.

Kosa la pili lilikuwa karatasi. Kwenye ripoti yangu nilikuwa nimeandika ukurasa mmoja wa gharama za kuendesha mtambo. Blowa ya kilowati 2.2 ikifanya kazi saa 24 kwa siku 30 inakula uniti 1,584. Kwa shilingi 23 kwa uniti pamoja na kodi, hiyo ni karibu 36,400 kwa mwezi, au kama shilingi 570 kwa kila nyumba. Ukurasa huo haukufika kwa wanunuzi. Ada ya huduma ilikuwa imeshachapishwa kwenye vijitabu vya mauzo, na ndani yake stima ya mtambo ilikadiriwa kama taa ya ngazini. Mkubwa wangu aliniambia kwa upole kabisa: "Hayo ni ya watu wa mauzo, kijana wangu. Sisi kazi yetu ni mtambo ufanye kazi siku ya kukabidhi." Na siku ya kukabidhi, mwaka 2017, ulifanya kazi. Tulipiga picha.

Miaka miwili baadaye nilitumwa kutazama pampu iliyokuwa ikizimika ovyo. Ndipo nikaiona ile vali.

Fundi wa mtambo alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mtaratibu, wa maneno machache. Nilimuuliza mbona usukani unang'aa. Hakuzunguka. "Injinia, kamati ilisema usiku tuzime blowa. Stima imepita elfu thelathini na sita. Tunazima saa nne usiku, tunawasha saa kumi na moja alfajiri. Sasa asubuhi watu wakioga wote kwa pamoja, tangi linanuka mpaka gorofa ya tatu. Simu zinaanza. Nikifungua hii, harufu inaenda mtoni. Ikienda mtoni, simu haziingii."

Haki itendeke kwa ile kamati ya wakazi. Kuzima blowa si dhambi kwa kila hali. Ipo mitambo inayozimwa saa moja au mbili kwa makusudi, ili bakteria waondoe nitrojeni, na hata stima inapungua. Ila saa saba ni kitu kingine. Tope linalala chini, oksijeni inaisha, bakteria wazuri wanakufa au kuzimia, na unapowasha alfajiri unakoroga maiti. Kisha ndipo wimbi kubwa kuliko yote la siku linapoingia. Kundi la bakteria likishaharibika namna hiyo huchukua wiki kadhaa kurudi, kwa hiyo usiku mmoja unaharibu zaidi ya usiku mmoja. Wakazi hawakulijua hilo. Nani angewaambia? Ukurasa wa kuwaambia ulibaki kwenye kompyuta yangu.

Fundi akaenda kwenye kabati, akatoa daftari la shule la kurasa 96, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Ndani alikuwa ameandika kila siku: blowa imezimwa saa ngapi, imewashwa saa ngapi, vali imefunguliwa lini na kufungwa lini. Miezi kumi na minne, kwa kalamu ya buluu, mwandiko wa mtu aliyefundishwa vizuri shule ya msingi. Hakuna aliyemwagiza. Nilipomuuliza kwa nini, alisema kuna siku mtu angekuja kuuliza, na yeye hakutaka kukumbuka kwa kubahatisha.

Katika kisa kizima, mwenye mshahara mdogo kuliko wote ndiye pekee aliyeandika ukweli na kuutunza. Nasi tuliosomea maadili ya uhandisi darasani tulikuwa na mchoro wenye mlango wa uani na ripoti yenye ukurasa uliokosekana.

Nilichukua sampuli siku ile ile. Kipimo cha BOD hakina haraka. Ni siku tano kwenye nyuzi 20, hata uwe na wasiwasi kiasi gani. Siku hizo tano nilizitumia kujitetea kichwani. Kandarasi ilishafungwa. Muda wa kuwajibika kwa kasoro ulishapita. Nilikuja kwa ajili ya pampu. Mto wenyewe umeshaharibika: shuka nao kutoka Chiromo hadi Globe, pita Gikomba, fika Korogocho na Dandora, utaona yetu ilikuwa tone tu. Hoja hii ya tone ndiyo inayoua mito, maana kila mmoja kwenye ukingo anayo na kila mmoja anasema kweli. Mto Nairobi nao hauishii Dandora. Unaingia Athi, unakuwa Galana, unakuwa Sabaki, unamwaga baharini kaskazini ya Malindi, na njiani kuna watu wanaomwagilia sukuma wiki maji hayo na kuileta sokoni tukainunua sisi wenyewe.

Majibu yalikuja. Zaidi ya mara tano ya kikomo.

Ukiisoma sheria kwa haraka, utamkamata fundi, kwa sababu mkono wake ndio uliozungusha usukani. Ukiisoma polepole kidogo utafika kwa kamati iliyotoa amri. Anayechafua hulipa, ndivyo kanuni isemavyo. Lakini nani alichafua? Fundi alichagua kati ya harufu na mto. Kamati ilichagua kati ya mto na bili ambayo haikujua kuwa ipo. Mjenzi alichagua nafasi mbili za magari. Kila mmoja alipewa uchaguzi ulioandaliwa na aliyemtangulia, na wa kwanza kabisa kwenye foleni ni aliyeshika penseli.

Hapa natofautiana na wenzangu kadhaa. Wao wanasema wajibu wa mhandisi kwa mazingira ni kubuni mtambo unaofikia kiwango, na baada ya kukabidhi, uendeshaji ni wa mwenyewe. Naielewa hoja hiyo. Sisi si askari, na hatuwezi kulala kwenye vyumba vya mitambo ya watu. Lakini mtambo unaofikia kiwango kwa bei ambayo hakuna aliyeambiwa haufikii kiwango. Unakifikia kwenye karatasi tu. Shilingi 570 zilikuwa sehemu ya mtambo kama zilivyo blowa na tangi, na nilipokubali zifutwe nilikabidhi mtambo uliopungukiwa kiungo. Sheria ya Wahandisi ya 2011 imetupa bodi, usajili na mhuri, na mhuri maana yake ni kwamba mtu asiye na ujuzi anaweza kuamini asichoweza kukikagua. Mnunuzi wa nyumba anaweza kugonga ukuta akasikia kama ni tupu. Hawezi kugonga blowa akasikia bili ya miaka ishirini.

Tunapenda kujadili mazingira kwenye miradi yenye kamera. Reli kupita juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi tuliijadili, na tulifanya vyema. Mti wa mugumo wa Waiyaki Way, uliokuwa uondolewe kupisha barabara ya juu, uliokolewa kwa amri ya Rais mwezi wa Novemba 2020, na watu walienda kupigwa picha chini yake. Nilifurahi. Ila mti una sura na kivuli, na bakteria wa tangi la bondeni hawana hata jina. Maamuzi mengi ya mazingira jijini ni ya ukubwa wa ile vali ya inchi nne.

Nilimwandikia mkubwa wangu kwanza. Alinipigia simu badala ya kujibu kwa maandishi, jambo ambalo lenyewe lilikuwa jibu. "Tukiandika barua hii tunajishtaki," alisema. Nikamwambia tayari tumeshtakiwa, kwenye daftari la kurasa 96. Hakucheka. Lakini hakunikataza kwenda, na namshukuru kwa hilo hadi leo, ingawa najua ilikuwa rahisi kwake nikienda kwa jina langu.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mwalimu mstaafu, na kila mtu mle alimwita Mwalimu. Alitukaribisha sebuleni kwake, mimi na fundi, akaleta chai. Nilimweleza yote kuanzia mstari wa nukta. Niliuweka ule ukurasa wa gharama mezani. Aliusoma mara mbili, kisha akauliza kitu ambacho sikuwa nimekipigia hesabu: kwa kuzima saa saba, wanaokoa kiasi gani hasa?

Tukahesabu pale pale nyuma ya bahasha. Saa saba kati ya 24 za shilingi 36,400 ni kama 10,600. Gawanya kwa 64. Shilingi 166.

"Pakiti tatu za maziwa," Mwalimu alisema. Akanyamaza kidogo. "Mbona hatukuambiwa siku ya kununua?"

Nilikuwa na majibu kadhaa, yote ya kweli nusu. Nikamwambia nilipaswa kuwaambia na sikuwaambia. Alinitazama vile walimu wanavyotazama mtoto aliyekiri mwenyewe, wakipima kama kiboko bado kina kazi. "Mficha uchi hazai, Injinia," akasema, kisha akamwongezea fundi chai.

Kipande cha kujadiliwa zaidi kwangu ndicho hiki kinachofuata. Tulikubaliana siku 30: blowa iwake saa 24 kuanzia usiku ule, mkutano wa wakazi uitwe, vali ifungwe kwa mnyororo na kufuli, na hali yote iandikwe bila kupunguzwa kwenye ripoti ya ukaguzi wa mazingira wa mwaka, ambayo huenda NEMA, mamlaka ya taifa ya usimamizi wa mazingira. Sikukimbilia NEMA siku ya kwanza. Mhandisi mmoja kijana niliyemsimulia baadaye aliniambia wazi kwamba nilikosea, na alikuja na hesabu. Kwa daftari la fundi, karibu robo ya majitaka ilikuwa ikipitia baipasi. Bakteria wangechukua wiki kadhaa kurejea hata blowa ikiwaka, kwa hiyo siku 30 zangu za busara, kama lile kufuli lingechezewa, zingeweza kugharimu mto lita laki mbili na elfu ishirini na tano. Akanikumbusha kwamba Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na kwamba chini ya Kifungu cha 70 anayekwenda kortini hahitaji hata kuthibitisha kuwa kuna aliyedhurika. Mto hauhitaji kusubiri mkutano wa wakazi.

Sina jibu la kumshinda. Ninachoweza kusema ni kwamba nilihofia fundi. Taarifa ingefika kabla ya mkutano, mtu angetafutwa haraka wa kubebeshwa, na mwenye mkono uliong'arisha usukani alikuwa tayari, na daftari lake lingesomwa kama ungamo. Nilitaka kamati ikiri amri yake yenyewe kwanza, nami nikiri mchoro wangu. Huenda huo ulikuwa wajibu. Huenda pia nilikuwa najipa nafasi ya kupumua. Katika siku zile 30, kufuli halikuguswa. Nilienda mara nne kulitazama, moja kati ya hizo usiku.

Mkutano ulichukua saa tatu, mbili kati yake zikiwa juu ya mambo ya mbwa na kelele. Ada ikapanda. Wawili walipiga kura ya kupinga. Miezi kadhaa baadaye wakazi walinunua matangi matatu ya plastiki ya lita 10,000 kila moja, wakayapanga chini, uani, pamoja na pampu ndogo ya kuyajaza na kuyarudisha. Yalikaa kwenye nafasi mbili za magari ya wageni. Zile zile mbili.

Niliomba bomba la baipasi likatwe na kuzibwa. Walikataa, wakisema liachwe kwa dharura. Mnyororo ukabaki.

Bei ya stima ilipopanda Aprili 2023, Mwalimu alinipigia. Alitaka kujua ile mia tano sabini imekuwa ngapi. Nikafanya hesabu upya kwa karibu shilingi 30 kwa uniti, nikampelekea: kama 740 kwa nyumba. Akajibu kwamba ataiweka kwenye ajenda, na kwamba fundi amejaza daftari la tano.

Nilipita wiki iliyofuata kukagua. Mtungi wa kioo ulikuwa mezani, tope la kahawia limeshuka vizuri. Nilimwomba fundi anifungulie kufuli, nikaushika usukani wa ile vali ya sita. Kutu ilikuwa imeupanda wote, mpaka pale vidole vinaposhika. Nikajaribu kuuzungusha kwa mkono mmoja, kisha kwa miwili. Ukagoma.

Vali iliyokwama kwa kutu huandikwa kwenye orodha ya matengenezo, ndivyo tunavyofundishwa. Niliandika zile nyingine mbili zilizohitaji grisi, nikafunga kitabu.